Miseji kumi na miwili: shajara ya tuta la Kihesa

13 Mei 2023

Nimerudi na vikonyo kumi na vinane vilivyofungwa kwenye kitambaa chenye maji. Amenikatia Sista mmoja anayetunza bustani ya misheni, nje kidogo ya Iringa mjini. Mti wenyewe unafika magotini. Majani yake ni marefu, ya kijivu, yana vinyweleo laini kama sikio la sungura, na ukiyafikicha yanatoa harufu kali inayopanda puani kama kafuri. Sista anauita salvia, jina lililoachwa na Waitaliano wa shirika la wamisionari wa Consolata waliokuja Iringa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wauza viungo wa mjini wanasema seji. Hapa nyumbani tumekwisha kuupa jina letu: mseji.

Nimeutaka kwa sababu ya koo langu. Nafundisha darasa la kwanza, watoto zaidi ya themanini kwenye chumba kimoja, na kila muhula ukifika wiki ya sita sauti inanikauka. Mwezi Machi Sista alinikuta nanong'ona. Akanipa glasi ya maji ya majani haya, ya vuguvugu, akaniambia: "Mwalimu, sukutua, tema, usimeze." Nikafanya hivyo siku mbili. Maumivu yalipungua kiasi cha kunifanya niulize mti huo unapandwaje.

Nataka kujua tuta moja la mseji linaweza kuifanyia kaya moja nini, kwa tiba, kwa mwili na kwa jikoni. Nitaandika vipimo, na nitaandika pia nitakapokosea.

4 Juni 2023

Sista alikuwa na mbegu pia, akanishauri niziache. Zinachukua wiki mbili hadi tatu kuota na miche hailingani. Kikonyo kinakupa mti uleule ulioukata. Nimekata vyangu urefu wa kidole cha kati, nikatoa majani ya chini, nikavichomeka kwenye viriba vyenye mchanga nusu na udongo nusu. Samadi sikuweka. Viko chini ya kivuli cha mparachichi, nanyunyizia asubuhi tu.

Jioni nimesoma. Jina la kitaalamu, Salvia officinalis, lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753. Salvia linatoka kwenye Kilatini, lina maana ya kuponya au kuwa mzima. Officinalis ni la chumba ambamo watawa walihifadhi dawa. Asili yake ni pwani za Mediterania, hasa vilima vya mawe vya Dalmatia na Albania. Karolo Mkuu, yule mfalme wa Wafranki, aliuweka kwenye orodha ya mimea iliyotakiwa kupandwa kwenye mashamba yake, miaka 1,200 iliyopita. Nimefurahi zaidi kukuta ukoo wake: ni ndugu wa mrehani, kivumbasi, mnanaa na rozimeri. Hata chia, ambayo wakulima wa Uganda na Kagera wameilima sana, ni Salvia. Kumbe bibi yangu alipokuwa akiweka kivumbasi mtungini na kukichoma kufukuza mbu, alikuwa na binamu wa mti huu mkononi.

16 Julai 2023

Baridi ya Iringa imefika kwenye mifupa. Viriba kumi na vinne vina mizizi, vinne vimekauka. Nimevuta kimoja taratibu nikaona mizizi myeupe ya urefu wa ukucha. Wiki sita kamili.

27 Agosti 2023

Nimehamishia miche tutani, nafasi ya nusu mita kati ya mche na mche. Kuna jua tangu asubuhi mpaka saa kumi. Udongo wetu mwekundu nimeuchanganya na mchanga na majivu ya kuni kidogo, kwani mti huu hauupendi udongo wenye tindikali.

Jirani amepita akauliza kwa nini naunyima maji. Nimemwambia kwao mvua hainyeshi kiangazi kizima, na sisi huku Iringa tangu Mei hadi Novemba tunakaa hivyohivyo. Ndiyo maana nina matumaini nao. Ningekuwa Tanga au Bagamoyo nisingejaribu.

21 Januari 2024

Mvua za El Niño zimetuadhibu. Desemba yote na mwezi huu maji yamesimama tutani, na leo nimeng'oa miseji saba iliyooza mizizi. Ilianza kwa majani ya chini kuwa manjano, nikadhani ina njaa, nikaiongezea samadi. Hapo ndipo nilipoimaliza. Samadi ilishika maji zaidi na kuufanya mti utoe matawi mateke, ya kijani kibichi, yasiyo na harufu. Mseji unaonuka vizuri ni ule uliokulia kwenye dhiki kidogo.

Nimebaki na saba. Mume wangu ameniletea ndoo sita za kokoto kutoka kwenye msingi wa jirani. Tumeinua tuta hadi futi moja na nusu, kokoto chini, mchanga na udongo juu. Nimekwenda kwa Sista kuomba vikonyo vingine vitano. Yeye amepoteza vichaka viwili.

10 Machi 2024

Ubwiri unga kwenye miti mitatu, kama mtu amemwaga sembe juu ya majani. Nimekata matawi ya ndani ili upepo upite, majani yaliyougua nimeyachoma. Miti ni kumi na miwili sasa, na sitaongeza.

9 Juni 2024

Mavuno ya kwanza ya kweli. Nimevuna saa tatu asubuhi, umande umekauka lakini jua halijawa kali, theluthi moja tu ya kila mti. Gramu 510 za majani mabichi.

Ukaushaji ndio kazi yenyewe. Nimetandaza nusu kwenye ungo juani na nusu kwenye ungo ndani, kwenye chumba cha stoo chenye dirisha la wavu. Ya juani yalikauka siku mbili, yakawa na rangi ya tumbaku na harufu ya nyasi kavu. Ya kivulini yalichukua siku nane, yakabaki ya kijivu-kijani, na nikiyasugua chumba kizima kinajua. Mafuta ya harufu yanakaa kwenye vifuko vidogo juu ya jani, na joto linayarusha. Nimekwishajua: mseji haukauki juani.

Gramu 255 za kivulini zimenipa gramu 61 kavu. Nimezitia kwenye chupa ya kioo, chupa nimeiweka kabatini mbali na mwanga.

7 Julai 2024

Koo. Wiki ya sita ya muhula haijafika lakini nimeanza mapema, na sasa nina kipimo. Shirika la Dawa la Ulaya limeukubali mseji miongoni mwa dawa za asili zilizotumika kwa muda mrefu: kwa uvimbe wa koo na mdomo, tumbo kujaa gesi na kiungulia, jasho jingi, na uvimbe mdogo wa ngozi. Wanasema wazi kwamba kukubali huko kunatokana na mazoea ya miaka mingi, si majaribio makubwa ya hospitali. Kwa kusukutua ni gramu 2.5 za majani makavu kwa mililita 100 za maji yaliyochemka. Kwa kunywa ni gramu 1 hadi 2 kwa mililita 150, si zaidi ya mara tatu kwa siku. Na ni kwa watu wazima.

Nimenunua mizani ndogo. Kijiko cha chai cha majani yangu yaliyofikichwa kina uzito wa karibu gramu moja. Kwa hiyo maji ya kusukutua ni vijiko viwili na nusu kwa kikombe kidogo cha kahawa: makali, ya rangi ya kutu, yanakunja ulimi. Nafunika kikombe dakika kumi. Usipofunika, mvuke unaondoka na sehemu ya dawa.

Nimesukutua asubuhi na jioni siku tano. Sauti imenibeba hadi Ijumaa. Siwezi kusema ni mseji peke yake, maana pia nimeanza kupiga makofi badala ya kupaza sauti darasani. Lakini mkwaruzo wa usiku umetoweka, na ule ndio uliokuwa ukininyima usingizi.

Walimu wenzangu wawili wamechukua majani. Mmoja aliniomba kwa ajili ya mwanafunzi mwenye mafindofindo. Nimekataa, nikamwambia mtoto apelekwe zahanati.

18 Agosti 2024

Hili naliandika kwa uzito.

Wifi yangu alijifungua Aprili. Alikuja kukaa nasi wiki mbili, akaipenda chai ya mseji kwa sababu tumbo lilikuwa linamsumbua kwa gesi. Nilimtengenezea mwenyewe, kikombe asubuhi, mchana na jioni, nikatia asali na ndimu. Siku ya sita mtoto akaanza kulia ziwani. Ananyonya, anaachia, analia. Wifi akakamua, kilichotoka hakikujaza kijiko. Mama mkwe akatengeneza uji wa ulezi, akampikia na supu ya samaki, lakini aliuliza swali ambalo mimi sikuuliza: "Huyu amekula nini kipya tangu aje?"

Nikarudi kusoma kile nilichokuwa nimekiruka, kwa kuwa nilitafuta faida tu. Ulaya wanawake wameutumia mti huu kwa karne nyingi kukausha maziwa wanapomwachisha mtoto. Mjamzito hatakiwi kuunywa, wala anayenyonyesha. Sababu mojawapo ya tahadhari ni thujoni, iliyomo kwenye mafuta yake ya harufu, ambayo ikizidi inasumbua ubongo na kuleta degedege. Mwenye kifafa asiuguse kama dawa. Mafuta yake yale ya kwenye chupa ndogo, yanayotolewa kwa mvuke, yasimezwe kabisa. Wapo watoto walioanguka kifafa baada ya kuyameza. Anayetumia dawa za kisukari amuulize daktari kwanza, kwa sababu chai hii inaweza kuishusha sukari zaidi.

Tuliacha chai siku ileile. Akanyonyesha mara kwa mara, akanywa maji, na siku ya nne maziwa yakarudi. Sina uhakika wa asilimia mia kwamba ni chai. Mama mchanga akiwa na wasiwasi maziwa hupungua pia. Lakini mimi ndiye niliyempa bila kujua, na nilipaswa kujua. Nimemwomba msamaha mbele ya mama mkwe. Amenijibu, "Wifi, yameisha, tuangalie mtoto."

Chupa zote sasa zina karatasi iliyobandikwa: kipimo, siku zisizidi saba, na orodha ya wasioruhusiwa.

Sista nilipomsimulia alikaa kimya kidogo, akanipa msemo wa waganga wa kale wa Salerno, Italia. Walikuwa wakiuliza: kwa nini afe mtu ambaye salvia inaota bustanini mwake? Kila mtu anaukumbuka mstari huo. Wa pili, alisema, hawausemi: hakuna bustani yenye dawa ya kuzuia kifo.

22 Septemba 2024

Jikoni sasa, na jikoni ndiko mseji umenishinda kwa uzuri.

Kosa la kwanza ni kuutia kwenye maji kama kotimiri. Unakuwa mchungu na una ladha ya dawa. Harufu yake inayeyuka kwenye mafuta, basi uanze na mafuta. Watu wa Toscana wanapika maharage meupe kwa vitunguu saumu, nyanya na majani haya, na maharage ndiyo chakula chetu, hivyo nilianzia hapo. Nilichemsha nusu kilo ya maharage ya njano hadi yakalainika. Kwenye sufuria nyingine nikapasha mafuta ya alizeti, nikatia punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa na majani manane mabichi ya mseji. Yaliposinyaa na kuanza kukakamaa kingo, nikatia nyanya tatu. Zilipoiva na mafuta kupanda juu, nikamimina maharage na maji yake kidogo, nikaacha yachemke taratibu dakika ishirini. Chumvi, basi. Sikutia kitunguu maji, sikutia karoti, sikutia nazi.

Mume wangu aliongeza ugali mara mbili. Mama mkwe alionja, akanyamaza, akaonja tena, akasema haya maharage yana nyama ndani. Hayana. Ni kweli mseji unayapa maharage uzito fulani wa nyama, na nadhani ndiyo sababu Waingereza wanautia kwenye soseji za nguruwe na kuuchanganya na vitunguu na mkate ndani ya kuku wa kuoka. Unakwenda na mafuta, unaukata ukinaifu wake.

Maini ya ng'ombe: yakatwe membamba, yakaangwe haraka kwa siagi na majani sita, ndimu mwishoni. Ni tamu sana. Tambi kwa siagi na majani yaliyokaangwa hadi yavunjike kama kripsi: watoto wamemaliza bakuli. Waroma wana nyama ya ndama iliyobanwa kwa jani la mseji na paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, wanaiita saltimbocca, maana yake "inarukia mdomoni". Nilitumia nyama ya ng'ombe iliyopondwa sana na sikupata ile ya nguruwe, kwa hiyo sihesabu kuwa nimeipika. Samaki wa Mtera haukumfaa, ulimfunika.

Majani kwenye chakula, manne au matano kwa sufuria ya watu sita, ni kidogo mno kulinganisha na kikombe cha dawa. Hata hivyo wifi akija nampikia bila mseji.

13 Oktoba 2024

Urembo. Nimejaribu vitu vitatu kwa wiki sita.

Maji ya nywele: vijiko vinne vya majani makavu kwa nusu lita ya maji ya moto, yapoe, yachujwe, yamiminwe baada ya kuosha. Kichwa changu kina mba wa kiangazi na muwasho umepungua, hilo nalisema bila kusita. Watu wanasifu kwamba yanafanya mvi kuwa nyeusi. Mama mkwe amejimiminia kila Jumamosi na mvi zake ni zilezile. Najua mahali uvumi unapotoka: tanini ya majani, ule ukakasi unaokunja ulimi, inapaka rangi ya kahawia hafifu, na kwenye nywele laini za Wazungu pengine inaonekana. Kwenye nywele zetu za kipilipili hiyohiyo tanini inakausha, kwa hiyo usipopaka mafuta ya nazi baadaye zinakatika.

Kikwapa: maji yaleyale makali, pamba, baada ya kuoga. Tanini inabana ngozi na jasho linapungua. Yananifanyia kazi hadi saa nane mchana, kisha naanza upya. Yanatia doa kwenye blauzi nyeupe. Hayakai zaidi ya siku tatu bila friji.

Unga wa meno wa majani na chumvi, uliosifiwa Ulaya tangu zamani, nimeuacha wiki ya pili. Chumvi inakwaruza. Jani bichi likisuguliwa kwenye meno baada ya chakula linatosha, linaacha mdomo safi na mkavu, na fizi za mume wangu hazitoi damu kama awali. Naye kabadilisha mswaki pia.

Mama mkwe ana lake jingine. Tangu hedhi ikome anapata joto la ghafla usiku, anaamka amelowa. Kuna utafiti wa Uswisi wa mwaka 2011: wanawake 71, vidonge vya majani mabichi ya mseji, na vipindi vya joto vilipungua kwa nusu ndani ya wiki nne. Hakukuwa na kundi la kulinganisha lililopewa kidonge kisicho na dawa, kwa hiyo nimemweleza kwamba ni dalili njema, si uthibitisho. Tulimuuliza daktari wake kuhusu vidonge vyake vya presha, akaruhusu kikombe kimoja jioni. Wiki mbili kunywa, wiki mbili kupumzika. Anahesabu usiku aliolala bila kuamka kwa kutia punje za mahindi kwenye kopo. Wiki ya kwanza punje mbili, ya pili nne. Wakati wa kupumzika tatu na tatu. Tunaendelea kuhesabu.

1 Desemba 2024

Nimefunga pakiti ishirini za gramu 20 kwa Sh 2,000 na kuzipeleka kwa mama mmoja mwenye mgahawa wa watalii wanaokwenda Ruaha. Zimekwisha kwa siku tisa. Kijana wa duka la dawa za asili alitaka nimwandikie "tiba ya presha, kisukari na nguvu za kiume". Nimekataa, nikaondoka na mzigo wangu. Kwenye pakiti pameandikwa kiungo cha chakula, tarehe ya kuvuna na onyo kwa wajawazito na wanaonyonyesha.

23 Februari 2025

Mvua za kawaida mwaka huu. Tuta la kokoto limefanya kazi: miti yote kumi na miwili ipo, maji yanapita chini yanaelekea kwenye migomba. Sivuni hadi Mei. Mwaka jana nilichuma wakati wa mvua nikaona majani hayana nguvu, na mti uliojeruhiwa unyevuni unaingiwa na ugonjwa.

Kopo la mama mkwe: wiki iliyopita punje tano. Kikombe kimeanza kuwa kitu cha mwezi mzima, nimemkumbusha wiki zake za kupumzika na amekubali kwa shingo upande.

11 Mei 2025

Miaka miwili. Mashina ya zamani yamekuwa magumu kama kuni na yamejikunja katikati. Sista anasema mseji mzuri unaishi miaka minne au mitano, baadaye unabaki mbao. Kwa hiyo nimekata vikonyo vipya ishirini na vinne, viko kwenye viriba chini ya mparachichi tangu jana. Kumi ni vya Sista, kwa vile vichaka vyake havikupona vizuri tangu El Niño. Kumi na viwili ni vya tuta la pili.

Viwili vya mwisho ni vya wifi. Aliviomba mwenyewe, kwa ajili ya maharage. Nimebandika karatasi kwenye kila kiriba: asivune mpaka mtoto aache ziwa.